Jiwe la Brazili Halitaingia Nyumba Hii

Barre, Vermont
12 Oktoba 1998

Wifi yangu Delfina,

Salamu zikufikie huko kwenye jua, wewe na Howard wako na huyo mbwa mnayemlisha kwa kijiko. Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Majani yamepukutika yote, watu waliokuja kuyapiga picha wamerudi kwao, na sasa tunapata pa kuegesha magari yetu wenyewe. Mjukuu wetu Celia ameota meno mawili na ameshawauma watu nayo, mmoja wao padri.

Kaka yako anakusalimu. Yaani angekusalimu kama angekuwa ndani. Yuko uani na lile jiwe. Ulisikia kwamba alijichongea jiwe la kaburi kabla ya kustaafu, kama wenzake wote wa karakana, na mimi sikusema neno, maana niliolewa kwa wachonga mawe na mambo hayo niliyakuta. Lakini wenzake wakishachonga huyaacha kule kule na kwenda zao kuvua samaki. Ermanno kalileta nyumbani. Jina lake, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu ya mwaka wa kufa, iliyong'arishwa mpaka unajiona uso.

Tangu daktari amwambie kwamba moyo wake umechoka kidogo, apunguze chumvi na atembee, yeye amesikia hilo neno "umechoka" tu. Kutembea kwake ni kutoka mlangoni mpaka kwenye jiwe. Analifuta kwa kitambaa, anakaa juu ya ndoo, anarudi ndani, anaacha chakula. Tindo zake amezigawa. Suruali zake sasa zinashikwa na mkanda tu, wifi. Hana ugonjwa wa kumlaza kitandani, lakini amekaa kuisubiri tarehe ya pili kama anayesubiri basi. Naogopa. Nataka mume wangu arudi ndani, na sijui nimwite kwa jina gani aitike.

Haya, tuyaache. Kilichonishikisha kalamu ni jiko. Ile fomaika ya juu ya makabati aliyoiweka baba mkwe mwaka wa sitini na moja imevimba kando ya sinki, na pale katikati ina alama ya sufuria ambayo sote tunajua nani aliitua ikiwa ya moto. Siku hizi kila mtu anaweka graniti juu ya makabati ya jikoni. Mimi nimekwenda duka moja huko Burlington na nimeshachagua. Inatoka Brazili. Ni ya waridi, ina madoa meupe na meusi, ukiitazama ni soseji iliyokatwa. Mwenye duka atakuja kunionyesha kipande hapa nyumbani. Nimeona nikuarifu kwa kuwa nyumba ilikuwa ya baba yenu. Ushauri sihitaji.

Wako,
Corinne

*

Lakeland, Florida
19 Oktoba 1998

Corinne,

Sisi wazima. Howard mzima, mbwa mzima. Salamu zimekwisha.

Jiwe la Brazili? Ndani ya nyumba ya baba? Wewe mwanamke una akili timamu? Umeishi Barre miaka yote hiyo, ngazi za benki jiwe, ngazi za kanisa jiwe, hata kibanda cha kuku cha jirani kimesimama juu ya jiwe, halafu unapanda gari kwenda Burlington kununua soseji! Ni sawa na mwenye ng'ombe kununua maziwa ya unga. Baba alikuja kutoka Carrara huko Italia na tindo mbili kwenye begi. Graniti ya Barre aliikata hadi vumbi lake likamuingia kifuani, na ndiyo iliyonipeleka mimi shule. Leo unataka kukandia unga juu ya jiwe ambalo hata jina la machimbo yake hulijui?

Nilimwambia mama tangu siku ya harusi yenu: hawa watu wa Quebec wanajua mbao, jiwe hawalijui. Mama akanikanya, akasema nikuache. Nilikuacha, tazama sasa.

Nitampigia simu Ermanno Jumapili. Wewe usipokee.

Hayo mengine uliyoandika, ya uani, sikuyasoma vizuri. Macho yangu siku hizi yana shida.

Delfina

*

Barre
8 Novemba 1998

Wifi mpendwa,

Macho yapone haraka. Karoti zinasaidia, na kusoma mara ya pili pia kunasaidia.

Simu yako ilipokewa, hata majirani waliipokea. Ermanno aliusogeza mkonga wa simu mbali na sikio, na mimi nikiwa ghorofani nilisikia "soseji" mara kadhaa. Alipoikata akarudi uani. Lakini yule bwana wa duka, Pruitt, alipofika na kipande chake kwenye kisanduku chenye kitambaa cha mahameli, kaka yako aliingia ndani bila kuitwa. Tena amevaa viatu.

"Hiki nini?" akauliza.

"Graniti, mzee. Ya Brazili. Daraja la kwanza."

"Nani kakwambia ni ya daraja la kwanza?"

"Ina cheti, mzee."

"Jiwe halisomi cheti. Lete hapa."

Akakigonga kwa kifundo cha kidole, akakitegea sikio. Akakilamba, wifi, mbele ya mgeni! Akaniambia nilete mafuta ya zeituni, akadondosha tone moja, akaketi mkabala nalo mikono kifuani, akalisubiri. Bwana Pruitt alikunywa kahawa yake yote akiwa amesimama. Mafuta yalipofutwa, doa likabaki.

"Linakunywa," Ermanno akasema. "Umeniletea jiwe mlevi."

"Tunalipaka dawa, mzee, halipitishi kitu."

"Basi niuzie dawa, jiwe rudi nalo."

Maskini akafunga kisanduku chake. Nikamwambia Ermanno mimi nimelipenda na nitaliagiza. Akapiga meza: "Jiwe la Brazili halitaingia nyumba hii nikiwa hai!"

Nikamjibu, "Si unasema hujabakiza siku nyingi? Basi sina haraka, nitasubiri."

Alinitazama. Tangu kiangazi alikuwa hajanitazama namna ile, kwa hasira nzuri ya mtu mwenye damu mwilini. Jioni hiyo alikula sahani mbili za polenta, ule ugali wenu wa mahindi, na akalalamika kwamba haina chumvi. Nililia huku naosha vyombo, nikafungulia maji yawe na kelele.

Furaha yangu haikufika mbali. Kesho yake alirudi kwenye ndoo. Anasema nibandike fomaika mpya. Jiwe la hapa hapa nalo halipatikani: machimbo yanauza mabonge kwa wachonga makaburi, na yaliyopo yana wenyewe. Nimebaki na soseji au fomaika. Kichwa kimenigoma. Labda wewe uliyezaliwa na jiwe mdomoni unajua mahali ambapo jiwe la Barre limekaa bure.

Wako,
Corinne

*

Lakeland
21 Januari 1999

Wifi Corinne,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshaanza kuzeeka. Pai yako ya nyama ilifika salama, ila ukingo wake umevunjika, na Howard anasema ndivyo alivyoipenda. Nashukuru pia kwa picha ya Celia. Ana pua ya kwetu, masikini.

Najua mlitutarajia Krismasi. Goti la Howard lilikataa, kisha hatukuwa na wa kumwachia mbwa, kisha ndege zilikuwa zimejaa. Tusiulizane zaidi.

Barua hii nimeianza na kuichana, nimeianza na kuichana. Sasa naimaliza hivyo hivyo.

Umeniuliza jiwe la Barre lililokaa bure. Wewe unalijua, mimi nalijua, na kila ndege wa mtaa ule analijua kwa sababu analitumia. La uani! Jiwe la kijivu lisilo na doa, unene wa shubiri nzima, limekaa nje kwenye theluji halimfai mtu. Likipitishwa kwenye msumeno yanatoka mabapa matano, na jiko lote linaenea na kinabaki kipande cha dirishani.

Najua kwa nini umenyamaza. Mama alitufundisha: mke hatii mkono kwenye jiwe la mumewe. Akilisogeza mbele anaonekana anamharakisha, akiliondoa anaonekana hataki kumzika. Wa kulisemea ni ndugu wa damu peke yake. Haya, mimi ndugu wa damu nimesema: likatwe. Ermanno ni mjinga, alikuwa mjinga tangu utotoni. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na yeye macho yake yanaona vizuri kabisa!

Ila barua hii usimwonyeshe. Ataniua mimi kwanza, na jiwe nitachukua mimi.

Delfina

*

Barre
2 Machi 1999

Wifi yangu,

Hujambo? Sisi tuko kwenye matope. Theluji inayeyuka, gari la posta lilizama mbele ya nyumba yetu na likatolewa na trekta, ndiyo maana majibu yamechelewa. Hiyo ni sababu moja.

Barua yako niliificha vizuri sana kama ulivyoagiza. Kwa bahati mbaya mahali nilipoificha palikuwa chini ya kikombe chake cha kahawa.

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa. Akaenda uani, akarudi, akalala. Siku zikapita, neno hakuna. Nikajua nimeharibu, nimemvunjia heshima mtu aliyekwisha kuvunjika, na usiku nikawa namhesabia pumzi. Kisha siku moja tukiwa tunakula akaweka uma chini.

"Dada yangu ana wazimu."

"Toka zamani," nikasema.

"Mabapa matano? Hajui kuhesabu. Yanatoka sita."

Asubuhi nilimkuta ameingia nusu kabatini, miguu nje, anapima. Akaomba penseli. Akaomba karatasi ngumu, akakata umbo la kila kona, akaandika juu yake kwa ile herufi yake ya makaburini, yenye mikia: SINKI. JIKO. DIRISHA. Nikisimama mbele ya lile la SINKI nilijisikia niko msibani kwa sinki.

Baadaye akazunguka mji kuzidai tindo zake. Wote walirudisha isipokuwa Gaspare, mwenzake wa karakana, aliyesema zawadi hairudi kwa mwenyewe. Ilibidi nimwokee pai mbili ndipo akumbuke kwamba aliazimwa tu.

Yeye na wenzake wakalipakia jiwe kwenye lori wakalipeleka karakana. Hayo alinisimulia Gaspare. Lilipoingia, jina linasomeka, wanaume wote wakavua kofia. Mmoja akaanza kufanya ishara ya msalaba. Ermanno akatokea nyuma ya lori, anapiga mwayo. "Vaeni kofia zenu," akasema. "Ni meza ya jikoni." Walicheka hadi msimamizi akatoka ofisini kuuliza nani kaumia.

Siku hiyo alirudi amelowa, mweupe wa tope la jiwe mpaka kwenye nyusi, anaimba. Akauliza kuna chakula gani. Nikamwambia. Akauliza kingine je.

Wako,
Corinne

*

Lakeland
15 Machi 1999

Corinne,

Ngoja kwanza.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. "Nimeona nikuarifu." "Ushauri sihitaji." "Labda wewe uliyezaliwa na jiwe mdomoni." Hivi hilo duka la Burlington lipo? Huyo Pruitt na mahameli yake ni mtu kweli? Ulijua nikisikia Brazili nitapiga kelele. Ulijua nikipiga kelele Ermanno atavaa viatu. Na ulijua kwamba la jiwe huwezi kulisema wewe, ukakaa kimya kama paka kwenye kizingiti, ukanisubiri mimi nijisemeshe. Miaka arobaini nakuita mtoto wa mbao, kumbe ndiwe unayenisukuma kama kete! Howard anacheka mpaka goti limepona.

Nimekasirika. Nimekasirika na nimefurahi, na sijui kipi kilianza.

Nami nikuambie, kwa kuwa wewe ulisema "naogopa" katika barua ya kwanza na mimi nikasingizia macho. Niliisoma vizuri. Baba naye alikaa hivyo hivyo kwenye kiti cha varanda, anatazama barabara, nami ndiye niliyemshikia beseni alipokuwa anakohoa. Nisingeweza kumkuta Ermanno kwenye ndoo. Mbwa hana neno. Mbwa anabaki kwa mtu yeyote.

Tunakuja matope yakikauka. Usiandae chochote. Andaa gnocchi za viazi.

Delfina

*

Barre
28 Machi 1999

Wifi yangu, fundi wa kelele,

Pokea salamu za nyumba yenye kaunta. Duka lipo, Pruitt yupo, na soseji ile ipo. Nilichokudanganya ni kwamba naipenda.

Jana wamekuja wanaume wanne wa karakana, Gaspare akiwa wa tano kwa ajili ya kusema "polepole". Mabapa yaliingia kupitia mlango wa nyuma. Lile lenye jina lake lilitakiwa lilale herufi zikiwa chini, juu ya droo ya unga. Nilimuuliza kwa nini asizisugue zikafutika. Akasema fundi hutia saini kazi yake. Kwa hiyo sasa ukivuta droo na kupapasa juu kwa ndani unamkuta Ermanno Tosetti mzima, na mwaka wake, na kistari. Celia amegundua. Droo ikitolewa analala chali sakafuni, ananyoosha kidole asomewe.

Sasa sikia kichekesho. Walipokwisha kubandika, wakavua glavu, wakasimama kuitazama kazi, na mimi nikatoa mayai nitengeneze chakula cha watu. Nikaweka yai la kwanza kwenye kaunta. Likatembea, likaenda taratibu kama lenye shughuli zake, likafika ukingoni, likaanguka. Nikaweka la pili. Nalo likafuata njia ya mwenzake.

"Ermanno," nikasema, "limeinama."

"Ndiyo, limeinama," akasema, kifua mbele. "Nimeliwekea mteremko. Maji ya mvua lazima yapate pa kutokea, la sivyo barafu italipasua."

Nikatazama dari. Gaspare naye akatazama dari. "Ermanno," akasema, "jikoni hakunyeshi."

Wifi, alikuwa ameweka kaunta yangu mteremko wa kaburi! Na si hilo tu: ukingo wa mbele kauacha umemeguliwa meguliwa, ule mkwaruzo mzuri wa mawe ya ukumbusho, na sweta yangu imekwisha kunasa mara mbili. Amechonga mawe ya kusimama nje tangu ujana wake, mikono haijui kitu kingine. Alisimama pale, uso umemwiva, tukangoja. Nilidhani sasa atatoka, atatafuta ndoo.

Akaangua kicheko. Alicheka akashika sinki. Kisha akasema, "Toeni yote. Tunaanza upya," na wale wanaume wakamtukana kwa lugha zote wanazozijua. Ilipimwa kwa pimamaji mpaka jioni. Ukingo anausugua leo. Amenifukuza jikoni ndiyo maana nakuandikia nikiwa kwenye ngazi. Nilimuuliza jiwe lake jingine atalichonga lini. Akasema machimbo yana foleni, na kwanza kuna bafu.

Gnocchi zitakuwepo. Nakupenda, wifi, hata ukipiga kelele. Hasa ukipiga kelele.

Wako,
Corinne

Delfina,

Corinne kaenda kutafuta stempu, nimeikuta barua iko wazi, naongeza yangu hapa chini. Mwandiko usiujali, nina vumbi mikononi.

Wifi yako anadhani hakuna anayemwona. Barua haiingii yenyewe chini ya kikombe. Pruitt naye nilijua tangu alipoingia, maana Corinne hawezi kupenda rangi ya waridi hata kwenye ua. Niliwaacha muendelee. Mtu akishajichongea jiwe mbele ya karakana nzima na kulibeba mpaka nyumbani, anainukaje kwenye ndoo siku ya kawaida tu, bila sababu? Nilikaa pale nikisikiliza kama kuna atakayenigombeza. Ulipopiga simu na kunitukana nilimshukuru Mungu.

Sikuwa nataka kufa, dada. Nilikuwa nimestaafu tu, na hiyo ni kazi ambayo hakuna aliyenifundisha.

Ermanno